Mashine ya Bahati Iliyopenda Upande wa Kushoto

Juzi mjukuu wangu alikaa karibu nami akanionyesha mchezo kwenye simu yake. Alinieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mgeni kula samaki mwenye miiba. "Shosho, hapa unagusa, hapa unaruka, huyu mwekundu usimguse." Nilimwacha amalize. Kisha nikamwuliza kama anajua kilichomo ndani ya hiyo simu. Alifikiri kidogo, akasema, "Betri."

Basi nimeona niwaandikie, yeye na nyinyi wenzake. Kabla michezo haijaingia mifukoni mwenu, ilikaa ndani ya makabati makubwa kuliko friji, ikingojea shilingi. Makabati hayo yalikuwa na watu wake: wa kuyajenga, wa kuyabeba, na wa kuyatibu yakiugua. Mimi nilikuwa wa kuyatibu. Moja lililotajwa sana huku Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, lile la mtaa wa Bahati, nililitia waya kwa mikono hii, na nusura linifukuzishe kazi.

Naitwa Nekesa. Nilitoka Bungoma nikiwa msichana, nikafikia kwa shangazi yangu Makongeni, na haukupita muda nikapata kazi ya kulehemu redio Industrial Area. Kwenye meza yetu ndefu tulikuwa wasichana pekee, kila mmoja na chuma chake cha moto, na kutwa nzima tulikuwa tukiunganisha nyaya na kusengenyana. Mwenye kampuni alikuwa Bwana Hirji, mtu mwembamba, mpole wa sauti, aliyekuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kupita kitu kipya kinachotumia umeme bila kukinunua. Ugonjwa huo ndio uliozaa idara ya nyuma ya kiwanda, ile ya mashine za burudani. Huko kulikuwa na masanduku ya muziki, yale unayotia shilingi nayo yanajichagulia santuri na kuipiga, na mashine za gololi. Bwana Hirji alizikodisha kwenye mabaa kuanzia Shauri Moyo hadi Kariobangi.

Kwa ambao hawakuiona, mashine ya gololi ilikuwa meza yenye kioo juu na miguu minne. Unavuta springi, gololi ya chuma inapanda, halafu inashuka ikigonga kengele na taa, nawe huku chini unaipiga kwa mabawa mawili madogo isitumbukie shimoni. Mchezo wenyewe ulikuwa kelele tupu. Mtu mmoja akicheza, baa nzima ilijua anaendeleaje.

Mtawala wa idara hiyo alikuwa Fundi Ndung'u. Alitoka Murang'a, alivaa koti la kaki lililojaa mafuta, na alikuwa na penseli nyuma ya sikio ambayo sikuwahi kuiona ikiandika. Redio za kuja tayari kutoka nje zilipoanza kuwa rahisi kuliko zetu, meza yetu ya wasichana ikaanza kupunguzwa, na Bwana Hirji akanipeleka kwa Ndung'u. Alinitazama kuanzia viatu.

"Unajua kulehemu?"

"Najua, Fundi."

"Lehemu."

Nikaunganisha nyaya mbili kwenye kipande cha bati, kazi niliyokuwa nimeifanya mara zisizo na idadi. Akaushika waya mmoja kwa vidole viwili, akauvuta. Ukatoka kama jino la mtoto.

"Hiyo ni uji," akasema. "Hukulehemu, umepaka uji."

Hapo ndipo nilipofunzwa neno ambalo nawaachia nanyi, hata kama hamtashika chuma cha moto maishani: usipashe moto risasi, ile ya kulehemia, pasha moto kile unachotaka kiungane. Bati na waya vikiwa moto sawasawa, risasi itakuja yenyewe mbio kama kuku aliyeitwa kwa mahindi. Na ukimaliza, usipulize. Kila mwanagenzi hupuliza. Ukipuliza, kiungo kinakuwa cheupe kama majivu, na baada ya wiki mbili kinaachia, tena siku ya mshahara baa ikiwa imejaa.

Jambo la pili alilonifunza lilikuwa kunusa. Ndung'u hakufungua mashine kabla ya kuinusa. Aliinama, akaweka pua kwenye matundu ya nyuma, akafumba macho. Harufu ya samaki aliyeungua ilikuwa transfoma. Harufu ya sukari iliyoungua ilikuwa koili. Harufu ya bia ilikuwa mteja. Mimi niliona ni maigizo, hadi siku tuliyoitwa Shauri Moyo kwa sababu mashine ilikuwa ikipiga kengele bila mtu kucheza, na wanywaji walikuwa wamesogeza viti vyao mbali nayo. Nilifika wa kwanza, nikabadilisha koili ya kengele. Ikapiga. Nikabadilisha swichi. Ikapiga. Ndung'u akaja, akanusa, akasema, "Mende." Tukafungua, tukakuta ukoo mzima umehamia pale kwa sababu ya joto la taa, na mmoja mnene alikuwa amefanya swichi ya kengele kuwa kitanda chake. Kila alipogeuka, ililia. Mwenye baa hakuamini mpaka alipoonyeshwa maiti.

Nawapa na hili, kwa sababu mnadhani ujanja umeanza na nyinyi. Watu walitupa kila kitu ndani ya tundu la shilingi isipokuwa shilingi. Waliokuwa karibu na reli walitandika vizibo vya soda kwenye chuma, treni ikapita, kizibo kikawa bapa kama sarafu, na mashine za zamani zilikipokea bila swali. Ndung'u alikuwa akivitoa na kuvikagua kimoja kimoja. "Huyu ni fundi," alikuwa akisema kuhusu kizibo kilichotoka vizuri. "Huyu hana subira." Kisha akatengeneza kijiulimi cha bati kilichokuwa kikikataa kitu chochote chepesi kuliko shilingi, na vizibo vikaanza kurudi chini na kudondoka kwenye kiatu cha mwenye navyo.

Sasa tuje kwa Bahati.

Siku moja Bwana Hirji alirudi kutoka safari ya ng'ambo akiwa na kisanduku kidogo kifuani, amekishika kama yai. Akatuita idara yote. Ndani mlikuwa na vidude vyeusi, kila kimoja kirefu kama kidole, chenye miguu mingi pande zote mbili, kama tandu. Alituambia kwamba tandu mmoja, ukimpa umeme na kumwunganisha na televisheni, anachora mchezo kwenye kioo: kijiti upande huu, kijiti upande ule, na kitone cheupe katikati kinachorushwa huku na huku. Kampuni kubwa za nje zilikuwa zikijenga mashine nzima kwa vidude kama hivyo na kuziuza kwa bei ambayo hatungeimudu. Yeye alitaka tujenge yetu. Televisheni kuukuu angezipata, mbao zipo, waya upo.

"Na gololi iko wapi?" Ndung'u aliuliza.

"Hakuna gololi, Fundi. Ni mwanga tu."

Ndung'u alimtazama yule tandu kwa muda. "Mashine ya gololi hukuonyesha inapoumwa," akasema. "Hiki kitu kikiumwa kitakuonyesha nini?" Akarudi kwenye benchi yake, na kwa miezi iliyofuata hakukigusa wala kukitazama. Aliuita mradi wetu redio iliyopofuka. Bwana Hirji hakumlazimisha, lakini alinijia pembeni akaniambia, kwa ile sauti yake ya upole, kwamba mashine za gololi zilikuwa zikirudishwa na mabaa moja baada ya nyingine. Kama hii mpya haingeshika, idara ingefungwa, na meza ya redio haikuwa na nafasi ya kunirudisha. Wakati huo karo ya mdogo wangu ilikuwa inatoka kwangu. Nilikwenda nikaanza kujenga.

Nilijenga kwa kukosea. Nilimchoma tandu wa kwanza kwa chuma cha moto mno, akafa bila kuchora hata kitone. Nilimgeuza wa pili kichwa chini miguu juu, naye akatoa moshi mwembamba wa kuaga. Wa tatu nilimjengea kikalio kwanza, nikalehemu kikalio, kisha nikamkalisha juu kikiwa kimepoa. Huyo alichora. Siku kitone kilipotembea kwenye kioo kwa mara ya kwanza, wasichana wa redio waliacha meza yao wakaja kukitazama, na msimamizi wao aliyekuja kuwafukuza akasahau kuwafukuza.

Kwenye karatasi zilizokuja na tandu, mchezo uliitwa tenisi. Nilimwuliza Bwana Hirji ni nani anayecheza tenisi Makongeni. Akacheka. Tukauita mpira. Nilipaka mistari miwili myeupe ya magoli ubavuni mwa kioo, na kabati tukalipaka rangi ya kijani. Chini ya kioo kulikuwa na vifundo viwili vya kuzungusha, vya redio zetu wenyewe, kimoja kushoto na kimoja kulia. Wachezaji wawili walikaa ubavu kwa ubavu kwenye benchi, kila mtu na kifundo chake. Kitone kikikupita, umefungwa.

Ya kwanza ilikwenda Bahati, kwenye hoteli ya Mama Wanza.

Mama Wanza alikuwa Mkamba mpana wa mabega, mjane, na chai yake ilikuwa nzito mpaka kijiko kilisita. Wateja wake walikuwa wafanyakazi wa viwandani na wa reli, waliopita asubuhi wakienda kazini na jioni wakirudi. Hakutaka mashine. Alikubali kwa sababu Bwana Hirji alimwambia akiichoka ataiondoa bila maneno. Soketi ilikuwa moja tu, kwenye kona ya nyuma, kwa hiyo kabati likawekwa huko, limebanwa ukutani.

Wiki ya kwanza nilidhani nitakufa kwa furaha. Watu walisimama nyuma ya wachezaji safu tatu. Walishangilia kitone kama wako uwanjani. Walioshindwa walinunua chai kuzika huzuni, na walioshinda walinunua mandazi. Wenye hoteli wengine, wa Maringo na Jericho, walituma watu kuuliza bei ya kukodi. Bwana Hirji aliniagiza nianze kujenga nyingine.

Kisha Odongo akafungua mdomo.

Odongo alikuwa fundi wa karakana ya reli, mrefu, mwenye sauti ya kengele, na ndiye aliyekuwa bingwa wa gololi enzi zake. Alikuwa ameshindwa jioni tatu mfululizo, na mtu kama huyo hawezi kushindwa bila sababu. Akakaa akachunguza. Jioni ya nne alisimama juu ya benchi.

"Wenzangu," akasema, "hii mashine inapenda kushoto."

Watu walicheka. Halafu wakaanza kutazama, na kadiri walivyotazama kicheko kilizidi kupungua. Aliyekaa kushoto alishinda. Wakabadilishana nafasi, yule yule aliyekuwa ameshindwa akaanza kushinda. Kufikia mwisho wa wiki hakuna aliyekubali kukaa kulia. Wawili walikaribia kupigana kwa ajili ya kushoto. Mmoja akasema mashine imetegwa na kampuni ili watu waliwe hela. Mwingine akasema Mama Wanza amewekewa dawa mlangoni. Mtaa wenyewe unaitwa Bahati, wakasema, lakini bahati imekaa upande mmoja.

Mama Wanza aliniita. Hakupandisha sauti. "Mwanangu, watu wangu wameanza kunywa chai kwa jirani. Jumamosi kama bado inapendelea, mje na mkokoteni."

Nililifungua lile kabati sijui mara ngapi. Nilibadilisha kifundo cha kulia. Nilibadilisha waya wake. Nilibadilisha hata tandu, nikamweka mpya kabisa. Tena kulikuwa na dalili iliyonitia kichaa: kila mchezaji wa upande wa kulia alilalamika kwamba upande ule una joto. Nilijua hiyo ndiyo siri. Kitu chochote kinachopata moto ndani ya mashine ni kitu kinachoumwa. Nikatafuta joto. Nikapitisha mkono ndani, nikagusa transfoma, nikagusa kila kiungo, vyote vilikuwa vuguvugu tu kama kawaida. Lakini nikifunga na kukaa kulia, kweli, ubavu wangu ulisikia moto. Isitoshe, ugonjwa wenyewe ulikuwa na saa zake. Asubuhi mashine ilikuwa ya haki kabisa. Jioni ndipo ilipoanza ubaguzi.

Ijumaa nilimwendea Ndung'u kwenye benchi yake. Alikuwa akisugua kengele ya mashine ya gololi ambayo hakuna baa iliyokuwa ikiitaka.

"Fundi, imenishinda."

"Nilisema kitakuonyesha nini kikiumwa," akajibu bila kuinua kichwa.

"Ulisema. Sasa njoo uninusie."

Aliendelea kusugua. Nilisimama. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba sitaondoka pale hata kama ni mpaka kengele itoboke. Mwishowe akaiweka chini, akavaa koti lake, akasema, "Chai unalipa wewe."

Tulifika jioni, hoteli imejaa, mashine haina mtu isipokuwa Odongo aliyekaa karibu nayo kama askari wa kulinda mahali pa ajali. Ndung'u aliinama akainusa. Akafumba macho. Akainuka.

"Hainuki chochote," akasema, na nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona usoni mwake. Alikuwa amekwama. Alitembeza macho juu ya kabati lile la kijani bila kujua aanzie wapi, na nilitamani nisingemleta mbele ya watu.

Odongo ndiye aliyeokoa hali bila kukusudia. "Mzee, kama unaona ni nzima, kaa kulia tucheze."

Ndung'u hakuwa amewahi kucheza. Nilimwambia kwa sauti ya chini, "Zungusha tu, Fundi, taratibu, kama unatafuta stesheni." Akakaa kulia. Odongo akakaa kushoto, akanyoosha vidole vyake.

Goli la kwanza alifunga Odongo. La pili pia. Kisha Ndung'u akauliza, kwa utulivu, kama kile kijiti cha kulia ndicho yeye mwenyewe. Tukamwambia ndiyo. "Ah," akasema. Baada ya hapo kitone hakikumpita. Kilikwenda kikarudi, kikaenda kikarudi, na Odongo akaanza kutoa jasho. Ndung'u alishinda. Wakarudia, akashinda tena. Hoteli ililipuka. Mtu mmoja alipiga sufuria. Watu wakasema mzee wa kampuni ameitoa ile dawa, wengine wakasema ameitia mpya.

Mimi sikuwa nikitazama kioo. Nilikuwa nikimtazama mwalimu wangu kwa mshangao, maana mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika kikombe cha chai. Alikuwa akizungusha kwa kushoto. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja alishika bisibisi kwa mkono wowote uliokuwa karibu, na sikuwahi kufikiria ni upi aliozaliwa nao. Odongo naye aliona. Kwa hasira ya kushindwa akadai wabadilishane, akakaa kulia kujaribu mkono wa kushoto kama mzee, na hakuweza hata kukigusa kitone. Akarudia mkono wake wa kulia. Hapo nikaona kiwiko chake. Kilikuwa kimebanwa mbavuni kama mtu aliyebeba gazeti kwapani. Hakikuwa na nafasi, na kila kilipotaka kutoka nje kilirudi haraka.

Nikanyoosha mkono nikagusa ukuta uliokuwa upande wake wa kulia.

Nikautoa haraka. "Mama Wanza," nikauliza, "nyuma ya ukuta huu kuna nini?"

"Jiko la mandazi," akasema Mama Wanza. "Kwani vipi?"

Asubuhi jiko lilikuwa limewashwa tu, ukuta baridi, mashine ya haki. Jioni lilikuwa limewaka kutwa nzima. Kila aliyekaa kulia alikuwa akichoma kiwiko, anakivuta ndani bila kujijua, na mkono uliobanwa hauzungushi vizuri. Nami nilikuwa nimelitafuta joto lile ndani ya mashine wiki nzima, nikabadilisha kila kitu kinachobadilishika, na ukuta ulikuwa umesimama hapo hapo umenikodolea macho.

Ndung'u ndiye aliyeanza kucheka. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo. Alicheka mpaka penseli ikamwanguka. "Ndiyo maana sikunusa kitu," akasema. "Nilisikia mandazi tangu mlangoni, nikadhani ni mandazi tu."

Tukavuta kabati hatua moja kutoka ukutani, waya ukafika kwa taabu, na mchezo ukawa wa haki asubuhi na jioni. Mnadhani watu walishukuru? Siku mbili baadaye Odongo alinijia. Aliniambia, akiangalia kando, kwamba zamani mtu akishindwa alikuwa na la kusema akifika nyumbani. Siku hizi ukishindwa umeshindwa tu. Aliuliza kama kuna uwezekano wa kuirudisha ukutani, hata kwa siku za Jumapili.

Kuanzia Jumatatu hiyo Ndung'u aliihamisha benchi yake ikawa karibu na yangu. Alinipa tu kiti chake kizuri na akaniomba nimweleze yule tandu, mguu kwa mguu, mguu huu unafanya nini na huu unafanya nini. Alikuwa mwanafunzi mgumu. Aliuliza swali moja mara tano, halafu mara ya sita aliuliza lile ambalo sikuwa na jibu lake, ikabidi mimi pia nikasome. Tulijenga nyingine pamoja, zikaenda Maringo, Jericho, Kaloleni. Kwa muda fulani ukipita Eastlands jioni ulisikia ile sauti, tik, tok, tik, kutoka kila hoteli yenye soketi.

Haikudumu. Kampuni moja kubwa ya mjini ilianza kuleta mashine za kutoka nje zenye programu, zilizokuwa na mistari ya wadudu wanaoshuka kutoka juu, nawe unawapiga risasi kutoka chini. Maandishi yake hayakusomeka na yeyote, kwa hiyo watu walijitungia. Bahati waliuita mchezo huo nzige. Wazee waliokumbuka nzige wa kweli walikaa mbele ya kioo na kuwapiga kwa hasira ya shamba lililoliwa zamani. Tandu wetu na kitone chake hakuweza kushindana na hayo. Bwana Hirji alijaribu mwaka mmoja hivi, kisha akatuita, akatwambia kwa sauti ile ile ya upole kwamba anafunga idara. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kuwazia kalkuleta.

Kabla hatujamaliza kufungua makabati, meneja wa kampuni ile ya mjini alikuja kiwandani kwetu. Alikuwa kijana nadhifu, tai imenyooka. Mashine zake zilikuwa zimeanza kuugua na hakuwa na watu wa kuzitibu. Akaenda moja kwa moja kwa Ndung'u, akamwamkia kwa heshima.

"Mzee, nimeambiwa wewe ndiye uliyejenga mashine ya mpira."

Ndung'u alifuta mikono kwenye koti. "Umeambiwa uongo. Mimi nilikataa hata kuitazama. Aliyeijenga ni huyu."

Yule kijana aligeuka akanitazama, kisha akamtazama tena Ndung'u kungoja mzee acheke. Ndung'u hakucheka.

"Hapana shaka," akasema yule meneja, "lakini, mzee, kwetu karakanani ni wanaume tu. Hata choo cha wanawake hatuna."

"Si mjenge," Ndung'u akasema. "Mkishamaliza mtuite. Mimi nitakuja siku atakapokuja."

Nilitaka ardhi inimeze. Usiku ule nilimlaumu moyoni, nikamhesabia kuwa ameharibu nafasi yake na yangu kwa ajili ya maneno. Karibu mwezi mzima tulikaa bila kazi. Nilirudi kulehemu redio za majirani barazani kwa shangazi, Ndung'u naye akauza baisikeli yake. Kisha ujumbe ukaja turipoti.

Walikuwa wamekijenga kweli kile choo, nyuma ya karakana, chumba cha matofali chenye mlango wa mabati na ufunguo mmoja. Ufunguo nilipewa mimi. Ndung'u alifanya kazi nami pale hadi macho yalipochoka, akaenda zake Murang'a kufuga nyuki, na kila Krismasi alinitumia asali ndani ya chupa ya soda. Mimi nilibaki. Nilitibu nzige, nikatibu magari ya mashindano, nikatibu mashine ambazo hata majina yake nimeyasahau, na kwa miaka mingi choo kile kilikuwa changu peke yangu, kisafi, kimya, nikifika naning'iniza koti langu msumarini kama mwenye nyumba. Kisha akaja msichana mmoja kutoka chuo cha ufundi. Mwaka uliofuata wakaja wengine wawili. Nikatengeneza ufunguo wa pili, halafu tukauondoa ufunguo kabisa.

Siku yangu ya mwisho kazini walinifanyia sherehe ya soda na keki. Katikati ya hotuba ya meneja nilitoka kidogo. Nilipofika nyuma ya karakana nilikuta foleni ya choo, wasichana wanne wenye mikono iliyonuka risasi, wakicheka juu ya mashine fulani iliyokuwa imewashinda asubuhi. Mmoja akasema, "Mama, pita mbele." Nikawaambia hapana, na nikasimama nyuma yao nikingoja zamu yangu.